Nilivyofika Muheza Bila Bertha

Mmeniuliza wote swali moja, kila mtu kwa mlango wake. Shemeji aliuliza kama Bertha anaumwa. Jirani wa upande wa kisima alitaka kujua kama huko Kenya hakuna likizo kwa wanawake. Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, ambaye hajui kuzunguka, alinishika mkono sokoni akasema, "Amekuacha?"

Nimechoka kujibu nusu nusu. Nawaandikia yote kwa mpangilio, kituo kwa kituo, msome kwa zamu. Habari za pasi na mihuri mpakani naziacha. Hakuna lililonikuta huko.

Kyuso

Mnajua nilivyokwenda. Kiswahili kilipofanywa somo la mtihani huko Kenya, shule za bara zilitafuta walimu, nami nikapata nafasi Kyuso, kaskazini ya Kitui, mahali pakavu pa mbuzi na ndengu. Ndengu ni hizi tunazoita sisi choroko. Mwaka mzima wa kwanza nilibishana na wanafunzi juu ya neno hilo, nao walishinda, kwa sababu choroko hazioti Kyuso. Zinaota ndengu.

Mimi ndiye niliyekuwa na kazi. Bertha alikuja kama mke wa mwalimu, akakuta nyumba ya mabati ndani ya uwanja wa shule na ndoo mbili tupu. Maji ya Kyuso yanachimbwa mtoni, kwenye mchanga. Wiki ya kwanza alifuatana na wanawake kwenda kuchimba, akarudi na ndoo ya maji na maneno matatu ya Kikamba. Kila siku akawa anarudi na mengine. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anaimba kwaya ya kanisa, anasuka vyondo, vikapu vya huko, na kikundi cha akina mama, na anagombana na wauza kuku kwa lugha yao wenyewe hadi wanacheka na kumpunguzia.

Mimi nilibaki na "Wimuseo" na "Nimuseo", yaani hujambo na sijambo, na hata hizo nilizichanganya. Wanafunzi waliniita Mwalimu Sanifu. Jumapili baada ya ibada watu walitualika chai. Mimi niliwekwa sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, pamoja na wazee waliokuwa wananionea haya kwa sababu ya Kiswahili changu. Bertha alipitiliza jikoni. Nilikaa pale nikimsikia akicheka upande wa pili wa ukuta, nisijue anacheka nini. Jamani, kuna wivu wa namna hiyo pia. Sikuwa namwonea wivu mwanamume yeyote. Nilikuwa nalionea wivu jiko.

Kisha nikaanza kumwonea wivu mwanamume.

Aliitwa Mulwa. Mfanyabiashara wa ndengu, mrefu, hajaoa, sauti nzito kama pipa, ndiye aliyeongoza kwaya. Kwao ni Nunguni, milimani, lakini miezi mingi alikuwa Kyuso akinunua ndengu kwa wakulima. Alikuwa na pikapu ya buluu. Mazoezi ya kwaya yakichelewa aliwarudisha wanakwaya wote, mmoja mmoja, na nyumba yetu, kwa kuwa iko ndani ya shule, ilikuwa ya mwisho. Nilikuwa nasikia injini inazimwa langoni. Halafu nasikia mazungumzo. Halafu, baada ya muda ambao mimi niliuona mrefu, nasikia viatu vya Bertha kwenye kokoto.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Wimbo wa Krismasi. Sauti ya pili inapotea katikati."

Ningesema nini? Sauti ya pili ilikuwa inapotea kweli. Niliisikia kanisani.

Mwishoni mwa mwaka huu mkuu wa shule aliniomba niongeze miaka miwili. Nilimwambia nitafikiri, lakini moyoni nilikwisha kufikiri: narudi Muheza. Nilipomwambia Bertha, alisema, "Tutazungumza." Hatukuzungumza. Ndipo Mulwa akaja na mwaliko wake.

"Mwalimu, Krismasi hii mkuje kwetu Nunguni. Huko iko baridi, mtavaa sweta. Halafu nitawateremsha Kambu mpate basi ya Mombasa, muende kwenu. Mimi niko na mzigo ya kupeleka Kambu."

Kabla sijafungua mdomo, Bertha alikwisha kusema ndiyo.

Kyuso hadi Mwingi

Tulipangiwa kuondoka asubuhi. Mulwa alifika jua likiwa utosini, nyuma ya pikapu kukiwa na magunia ya mwisho ya ndengu alizokuwa amezihifadhi na mbuzi watatu.

"Pole, mwalimu. Mimi nilikuwa tayari. Ni hawa mbuzi hawakuwa tayari."

Pikapu ina kiti kimoja kirefu mbele. Dereva kulia, abiria wawili kushoto. Bertha akaingia kwanza, akakaa katikati. Hakufikiri kitu, ni yeye aliyekuwa karibu na mlango. Lakini gia ya gari lile imetoka sakafuni, na barabara ya Kyuso ina mashimo, na kila shimo lina gia yake. Kila Mulwa alipobadilisha, mkono wake ulipita karibu na goti la mke wangu. Mulwa alikuwa anamwambia "samahani" kila mara, kwa Kikamba, na kile Kikamba ndicho kilichoniudhi zaidi.

Kabla ya Mwingi tulikuta korongo limejaa. Mvua ilikuwa imenyesha mbali juu, sisi kwetu kukiwa kukavu, na maji mekundu yalikuwa yanapita na matawi na kiatu kimoja cha mtoto. Magari yalisimama pande zote mbili. Tukashuka kungoja.

Watu wa kule hawalalamiki juu ya maji. Hata maji yakiwazuia safari wanayatazama kama mgeni wa heshima. Mzee mmoja aliyekuwa na baiskeli alinipa embe, akaniambia, "Kula, mwalimu. Hii maji haina haraka, na wewe usiwe nayo." Tulikula maembe hadi mikono ikanata. Mama mmoja alifungua sufuria ya isyo, makande yetu haya haya ya mahindi na maharage, akatugawia kwenye vifuniko.

Hapo ndipo niliposikia sauti ya mwanamke kutoka ng'ambo ya maji: "Mwende! Mwendeee!"

Bertha aligeuka. Aligeuka kama mtu anavyogeuka akiitwa jina lake, bila kufikiri, akapunga mkono, akaanza kupiga kelele za furaha kwa Kikamba juu ya maji.

Alipomaliza nikamwuliza, "Mwende ni nani?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Akina mama walinipa. Jina la Bertha linawakwama."

"Maana yake nini?"

Alipangusa maji ya embe kidevuni. "Anayependwa."

Mke wangu alikuwa na jina jingine miaka mitatu, nami nalala naye kitanda kimoja na sikulijua. Nilimtazama Mulwa, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akimlisha mbuzi ganda la embe. Alikuwa analijua. Kila mtu pale, hata yule wa ng'ambo ya maji, alikuwa analijua.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza wananiitaje," alisema Bertha.

Maji yalipungua jioni. Tulivuka tukisukumwa na watu.

Kitui mjini

Tulilala nyumba ya wageni ya kanisa. Mulwa alikwenda kwa binamu yake. Asubuhi tulikutana hotelini kwa chai, na hapo nikaaibika kidogo, nawasimulia mcheke. Nilimwambia mhudumu, "Naomba chai ya rangi."

"Rangi gani?" akauliza.

"Ya rangi tu. Isiyo na maziwa."

Akaita mwenzake. Wakashauriana. Yule wa pili akaniambia kwa huruma, "Mzee, hapa chai iko rangi moja tu."

Bertha akasema maneno mawili ya Kikamba, chai yangu ikaja bila maziwa, yenye tangawizi, kama ninavyoipenda. Mulwa alicheka. Bertha naye alicheka. Mimi nilikunywa. Nawaambia ukweli, sijawahi kunywa chai nzuri kwa hasira namna ile.

Bertha akaenda kununua sabuni na kitambaa cha kumpelekea mama yake Mulwa. Tukabaki sisi wawili na maandazi. Mulwa, kwa nia njema kabisa, akasema, "Mwalimu, tumefurahi sana kusikia mtaongeza miaka miwili. Kwaya ingepata shida."

"Nani kasema tutaongeza?"

Akaacha kutafuna. "Mwende alisema anataka. Nilifikiria mmeongea."

"Tutazungumza," nilisema, na nilipojisikia nikisema neno lile la Bertha, niliona uso umepata moto. Kumbe alikwisha kuzungumza. Alizungumza na mwenye pikapu.

Sikumwambia kitu aliporudi. Nilibeba sabuni.

Kitui hadi Nunguni

Siku ile nilijaribu kuingia mimi kwanza nikae katikati. Bertha akasema, "Miguu yako mirefu, utamzuia gia." Mulwa naye akasema ni kweli. Nikakaa dirishani nikihesabiwa miguu yangu na watu wawili.

Nchi ilibadilika polepole. Tulivuka mto Athi, tukapita Machakos, tukashika barabara kuu ya Mombasa, tulipofika Salama tukaiacha, tukaanza kupanda. Vumbi likaisha. Migomba ikaanza, kisha kahawa, kisha kabichi kwenye matuta ya ngazi ngazi, na ukungu ukaingia ndani ya gari. Bertha alivaa sweta langu. Walikuwa wanafanya mazoezi ya ule wimbo, yeye sauti ya pili na Mulwa besi, na sauti ya pili haikupotea tena. Ilikuwa nzuri. Isingekuwa nzuri ningevumilia.

"Imba na wewe," Bertha aliniambia.

"Siujui."

"Umeusikia miezi miwili dirishani."

Kweli niliujua wote. Lakini sikuimba.

Nunguni

Tulifika mkesha wa Krismasi, mchana. Ua ulikuwa umefagiliwa, na kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyotegemea: shangazi, wajomba, watu wa kanisa. Gari liliposimama, mlango wa upande wangu ulikwama kama kawaida yake, kwa hiyo Bertha akashukia upande wa dereva, Mulwa akimshika mkono. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mama yake Mulwa alikuja mbele. Mama mfupi, amejifunga kitambaa cheupe kichwani, hajui Kiswahili hata kidogo. Alimshika Bertha mashavu yote mawili akamtazama muda mrefu. Kisha akamvika leso mpya mabegani, leso ni kanga kwa lugha yetu, akamtia kiondo mkononi, akaondoka naye jikoni huku akilia na kucheka. Nilimwona Bertha akigeuka kumtazama Mulwa, kisha kunitazama mimi, uso wake una swali. Mlango ukafungwa.

Mimi bado nilikuwa napambana na mlango wa gari.

Nilipotoka, mjomba wa Mulwa, Mzee Kilonzo, alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu! Wewe ni ndugu?"

Sasa nyinyi mnajua sisi tulivyolelewa. Kwetu kila mtu ni ndugu: mwenyekiti ndugu, karani ndugu, kondakta ndugu. Tena watu wa kanisa nao huitana hivyo. Nikamjibu kwa furaha, "Ndiyo, ndugu!"

Akawageukia wazee wenzake akawaambia jambo, wote wakaniamkia upya, kwa heshima mpya. Niliwekwa kiti cha mbele. Nilipewa supu kabla ya wengine, kisha wali, kisha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage hadi yakalainika, kisha nyama ya mbuzi sehemu nzuri nzuri. Mzee mmoja alinipangusia kiti. Nilijiambia, hatimaye kuna mahali Ukambani wanaponijali mimi. Nilikula vizuri, na wivu wangu ulipungua kwa muda wa sahani mbili.

Mulwa alikuwa amekaa upande wa pili, hali kitu.

Baada ya sala ya kushukuru chakula, Mzee Kilonzo alivuta kiti karibu.

"Sasa, ndugu yetu. Sisi tunaanza na ntheo. Hapa ni mbuzi tatu. Hizo hata mmekuja nazo kwa gari, ni kama tumeanza. Lakini tunaheshimu desturi ya kwenu. Huko Tanzania, kwa msichana, mnaanza na ngapi?"

"Msichana gani?"

"Mwende. Dada yako."

Nimeishi na Wakamba kiasi cha kujua ntheo ni nini. Ni mbuzi wa kwanza wa posa. Nikaona yote kwa mara moja: vigelegele, leso, machozi ya yule mama, supu yangu. Nilikuwa nimelishwa kama kaka wa bibi harusi, na bibi harusi ni mke wangu.

Nilisimama. Sahani ilianguka.

"Huyo si dada yangu. Ni mke wangu. Nimefunga naye ndoa kanisani, Muheza, miaka saba iliyopita!"

Nilisema kwa sauti ya darasani. Waliojua Kiswahili waliangalia chini, na wasiojua wakawaangalia wanaojua. Mzee Kilonzo alimwangalia Mulwa. Mulwa alikuwa ameinamisha kichwa.

Mama yake alitokea mlangoni, akauliza kwa Kikamba kuna nini. Akauliza tena. Mimi niliyelipua jambo sikuwa na lugha ya kulieleza, na mwanawe aliyekuwa na lugha hakuwa na ujasiri.

Bertha ndiye aliyetoka. Alimshika yule mama mkono, akamkalisha kwenye kiti changu, mimi nikiwa nimesimama kama mshitakiwa, akapiga magoti mbele yake akasema naye. Polepole, kwa sauti ya chini. Mama akasikiliza. Akauliza swali moja. Bertha akajibu neno moja. Mama akasema kitu kifupi, na wanawake wote mlangoni wakavuta pumzi pamoja. Bertha akavua leso amrudishie. Mama akairudisha mabegani mwa Bertha, akaikaza fundo.

Kisha akasimama akaja kwangu, akaninyooshea mkono. "Wimuseo, mwalimu?"

Nilitaka kujibu sijambo. Kwa kuchanganyikiwa nikasema, "Muvea," yaani asante. Wakacheka wote, hata Mzee Kilonzo, kicheko cha watu waliokuwa wanahitaji kucheka. Chai ikaletwa.

Krismasi yenyewe ilipita vizuri. Waliimba ule wimbo, kanisa likajaa. Mimi nilikaa benchi la nyuma. Sikumwuliza Bertha kitu na yeye hakuniambia kitu, na kitanda tulichopewa kilikuwa na mablanketi mengi kiasi kwamba hatukugusana.

Nunguni hadi Kambu

Siku ya kuondoka Bertha alifungua mlango, akaniambia, "Kaa wewe katikati."

Nikakaa, miguu yangu mirefu na yote. Tukateremka milima, mimi na Mulwa tumegusana mabega kama watoto wa dawati moja, kila gia ikinipiga goti.

Sultan Hamud tulisimama kutia mafuta. Bertha akashuka kununua mkate. Nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Mulwa. Unampenda mke wangu?"

Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limezimwa.

"Nampenda," akasema. "Sijamwambia. Na yeye hajaniuliza. Wakati niliona hiyo kitu inaanza, nilikuwa najua tayari ako na bwana, na bwana mwenyewe ni mtu mzuri, hata kama Kiswahili yake ni ngumu. Sasa ningefanya nini? Nikaendelea kununua ndengu."

Nilitaka akane, ili nimchukie kwa raha. Alinizibia njia.

"Na mama yako?"

"Mama nilimtumia salamu na dereva wa basi. Nilisema nakuja na Mwende na mwalimu. Yeye akasikia ile kitu alikuwa anangoja kusikia. Tulipofika nikaona vile amefurahi. Tangu baba afariki sijamwona hivyo. Nikasema moyoni, wacha afurahi mpaka watu wamalize kula. Hapo nilikosa, mwalimu. Naomba unisamehe hapo. Hapo kwingine sijui kama kuna kitu ya kusamehe."

Bertha alikuwa anarudi na mkate.

Kambu

Kambu ni mstari wa maduka kando ya barabara kuu: mabasi, malori, mafungu ya vitunguu, asali kwenye chupa za soda. Mulwa akaenda kushusha magunia yake. Basi la kwanza la Mombasa lilipita limejaa, kondakta akitupungia tu mkono. La pili hivyo hivyo. Tukakaa kwenye benchi la mama muuza chai, mizigo miguuni.

"Niambie mama alikuuliza nini," nilisema.

Bertha alikuwa anaangalia barabara. "Aliuliza nina watoto wangapi."

Nikainama kupanga mizigo. Nyote mnajua kwa nini.

"Nikamwambia sina. Akasema, 'Basi bado wewe ndiwe mtoto. Kaa na leso yako.'" Alijifunga ile leso vizuri ingawa Kambu ni joto. "Muheza wananiuliza swali lile lile tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Shemeji zangu, majirani, mama yako. Hawaulizi hivyo. Wanasema, 'Vipi, bado?' Wananitazama tumbo kabla ya uso. Hakuna aliyewahi kuniambia jambo jingine baada ya lile swali. Yule mama hanijui, mwanawe amemdanganya, nami nimemvunjia sherehe, na bado alikuwa na neno la kuniambia."

"Kwa hiyo unataka miaka miwili."

"Nataka."

"Na ulimwambia Mulwa kabla yangu."

"Niliwaambia kwaya nzima. Wewe ulikuja nyumbani ukaniambia mkuu wa shule ameomba, na papo hapo ukaanza kusema tutapaka rangi gani nyumba ya Muheza. Nilisema tutazungumza. Ulikuwa unangoja lini?"

Basi la tatu likapita.

"Anakupenda," nikasema. "Amekiri."

"Najua. Mwanamke anajua." Alinigeukia. "Mimi nimemchagua nani? Nimekaa dirishani kando ya nani, nimeondoka Nunguni na nani? Lakini sijui wewe unanionea wivu mimi au unaona wivu tu kwamba kuna watu wanaonipenda."

Jibu lililokuja halikunifurahisha. "Yote mawili."

Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu Kitui.

"Nenda Muheza," akasema. "Mwaka huu mimi siendi kuulizwa. Narudi Kyuso."

"Na nani? Na pikapu?"

Mulwa alikuwa amekuja nyuma yetu, mabega meupe kwa vumbi la magunia. Alikuwa amesikia.

"Hapana, mwalimu. Mimi sitamrudisha. Watu wako na macho, na mimi pia niko na macho. Ngoja."

Akaenda kuulizia malori na magari madogo, moja moja. Akarudi na habari ya muuguzi na mumewe waliokuwa wanakunywa soda, wanaelekea Kitui kwa njia ya Mutomo. Mulwa alizungumza nao, akawaonyesha mizigo ya Bertha, kisha akatuaga kwa mkono, kwanza mimi, akaingia kwenye pikapu yake akaondoka kuelekea upande mwingine. Alifanya lililo sawa mbele ya macho yangu. Nilimwonea wivu hata kwa hilo.

Nilimbebea Bertha mzigo hadi kwenye gari la muuguzi.

"Januari nitarudi," nilimwambia. "Tutakaa hiyo miaka miwili."

"Ukirudi kunilinda, baki huko huko."

"Nikirudi kufanya nini, basi?"

"Uje ukae jikoni," alisema. "Nitakuambia wanacheka nini."

Akaketi nyuma, dirishani. Gari likakata kwenda Kibwezi, nikabaki Kambu na mama muuza chai, aliyenitilia kikombe kingine bila kuniuliza rangi yoyote. Basi langu lilikuja jua likishuka. Mombasa, Horohoro, Tanga: hayo mnayajua.

Muheza

Nimemsimulia mama yote haya. Alisikiliza akichambua mchele. Mwishoni akauliza, "Sasa huko nani anampikia?" Nikamjibu anajipikia. Akaendelea kuchambua mchele hadi ukaisha, kisha akaenda chumbani, na sijui alikwenda kufanya nini, ila alikaa muda mrefu.

Wivu haujanitoka. Jana usiku niliota gia. Nimemwandikia mkuu wa shule kwamba nakubali, na Jumamosi naondoka. Sijui kama ninakwenda kulinda au kukaa jikoni. Nadhani kwanza nitalinda, halafu nitazoea.

Mwenye zawadi au salamu za kumpelekea Bertha alete kabla ya Ijumaa jioni, nazibeba zote. Mwenye salamu za kuuliza "Vipi, bado?" akae nazo.